Picha za Harusi ya Chepngeno

Kericho mjini,
4 Juni 1995

Dada Chepchirchir,

Kabla ya salamu, kaa chini kwanza. Barua hii inatoka kwa mtu wa kwanza katika historia ya Kenya kumfanya askari wa trafiki acheke bila kumpa kitu mkononi. Alikuja studio Jumanne, uso umekunjwa kama koti lililolaliwa na ng'ombe. Kiarie mwenye studio alimjaribu mpaka akachoka. Mimi nikamwambia, "Afande, fikiria lori limejaa kupita kiasi, dereva hana leseni, na wewe umesimama barabarani peke yako." Mdomo ulipasuka kutoka sikio hili mpaka lile. Nikabonyeza. Sasa picha iko dirishani na watu wanatoka mpaka Litein kuja kuiangalia.

Haya, sasa salamu: chamgei. Nisalimie Baba Mdogo, Mama, nyanya yetu Kogo na goti lake, na yule ng'ombe mweusi wa mateke. Mimi niko fiti. Mvua ya huku inanyesha kila siku saa nane, utadhani imevaa saa.

Shangazi yetu, Senge Drusilla, alipita hapa akitoka kwa daktari wa meno. Ati umeshinda kamera kwenye bahati nasibu ya kanisa! Ati Baba Mdogo alikuwa amekuja na kamba ya kuvuta mtamba, ile zawadi ya kwanza, akarudi nyumbani na kamba na kamera! Nilicheka mpaka Kiarie akauliza kama nimekunywa dawa ya kuosha picha.

Sasa wewe ni mpiga picha, na bahati yako kubwa kuliko hiyo kamera ni kwamba mimi ni ndugu yako. Sikiza basi. Viwiko bana mbavuni kama mtu aliyeficha kuku kila kwapa. Pumua nje, halafu bonyeza polepole. Watu wengi wanakigonga kile kitufe kama wanaua chawa, ndiyo picha inatikisika. Saa sita usipige mtu juani, macho yanageuka mashimo. Piga asubuhi wakati maziwa yanapelekwa, au jioni ng'ombe wakirudi. Ukilazimishwa mchana, msimamishe kwenye kivuli cha nyumba, uso uangalie nje kwenye mwanga. Mwenye kofia, isukume nyuma kidogo, na umwambie ni heshima.

Huku kila mteja anataka apigwe ndani ya majani chai. Sawa, lakini chai ina tabia yake. Ikikaribia nguo nyeupe, ule ukijani unapanda mpaka kidevuni, na bibi harusi anatoka kama mgonjwa wa malaria. Mimi humweka kwenye kijia, chai ikae nyuma kwa mbali kama zulia.

Na usiwahi kumwambia mtu "cheka". Akiambiwa cheka anaonyesha meno tu, kama ng'ombe anayekaguliwa umri sokoni. Mwambie jambo. Mkono pia upe kazi, ashike kikapu au fimbo au mtoto wa jirani. Mkono usio na kazi unaning'inia kama soksi kwenye kamba.

Ukishika haya tu, utakuwa nusu yangu. Nusu yangu inatosha kabisa huko Siongiroi.

Ndugu yako, ambaye mji huu unamwita Fundi,
Lazarus

*

Siongiroi,
25 Juni 1995

Ndugu yangu Lazarus,

Chamgei huko kwenye baridi. Hapa wote tunapumua. Goti la Kogo linauma jua likiwaka na linauma mvua ikinyesha, kwa hivyo hatujui tuombe nini. Ng'ombe mweusi amezaa, na amezaa dume. Baba anasema mwaka huu mitamba wamemkataa mpaka ndani ya boma lake. Mahindi yamefika kiunoni. Chai hapa hakuna, kwa hivyo hilo somo lako la zulia nimelifunga kwenye kanga nikaliweka.

Filamu ya kwanza imeoshwa Kaplong. Mama hana kichwa. Senge ana kichwa peke yake. Kidole changu kiko kila mahali kama mgeni asiyealikwa. Baba aliziangalia zote, akaziweka mezani, akasema, "Hii ni mashini ya kuchinja watu."

Sasa nikwambie jambo lenyewe. Chepngeno anaolewa mwezi wa Disemba na yule mwalimu wa Soin. Dada yangu anafurahi mpaka anaimba akichota maji. Lakini kuna Bogonko, mpiga picha kutoka upande wa Kisii anayekuja hapa siku ya soko. Ameiona kamera yangu na anaitaka. Amemwambia Baba atatoa cherehani ya mke wake, nzima kabisa, wabadilishane. Baba amependa. Jioni aliniita, akasema hivi: "Harusi ya dada yako ndiyo mtihani. Ukileta picha ambazo sitaona haya kumwonyesha mkwe, kamera ni yako, na kile chumba cha mbele sokoni nitakupa ufungue studio. Ukileta watu bila vichwa, cherehani iingie, kamera itoke, na wewe uende Kaplong kujifunza kushona."

Lazarus, sitaki kushona. Mimi nikishona kifungo, shati linalia. Lakini nikishika ile kamera nikafunga jicho moja, naona vitu kwa utulivu ambao siwezi kukueleza.

Kwa hivyo nijibu kama mtu mzima. Harusi inapigwaje? Na wewe umepiga harusi ngapi? Na utakuja?

Dadako,
Chepchirchir

*

Kericho,
13 Agosti 1995

Dada mpendwa,

Salamu kutoka kwenye mawe ya mvua. Juzi yalianguka makubwa kama mayai ya kware, yakapasua paa la choo cha jirani wakati jirani yumo. Mpe Kogo pole ya goti, umwambie Kericho kuna daktari anayeogopa wazee, atamtibu haraka ili aondoke. Barua imechelewa kwa sababu nina kazi nyingi. Nikitoka nje watu wananifuata, "Fundi, mimi! Fundi, mimi!" Nimeanza kupita mlango wa nyuma.

Harusi. Vuta kiti.

Jumapili moja kabla, nenda kanisani saa ileile ya ibada ya ndoa, ukae tu uangalie ni dirisha gani linaleta mwanga na linaupeleka wapi. Ukijua hapo, kazi imepungua nusu. Muulize pasta mapema utasimama wapi, asije akakufukuza katikati ya maombi watu wakaitikia amina. Harusi ikitangazwa saa nne, jua itaanza saa saba. Kwa hivyo picha za ukoo piga kabla ya chakula. Watu wa kwetu wakishakula hawasimami tena, hata umwite nani.

Mama wa bibi harusi mpige akiwa bado hajalia, halafu akilia, halafu akishamaliza. Hizo ndizo zitakazogombaniwa. Na bwana harusi usimbananishe na mama mkwe wake, kwetu hawagusani. Wewe unajua, lakini Kiarie ni Mkikuyu, hakujua. Aliwahi kumwambia mama mmoja wa Kapkatet, "Songa, mama, mshike mkwe bega!" Mama aliruka ua. Kwenye hiyo picha bwana harusi ameshika hewa, na nyuma kuna kiatu kimoja.

Nguo nyeupe inadanganya kamera. Ikiona ule weupe inadhani dunia yote inang'aa, inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi unatoka mweusi kama chungu cha ugali. Wewe fuata uso, nguo itajitunza. Usimwage filamu kwenye keki, keki haitabasamu. Weka chache za mwisho, maana wakati kila mtu anadhani mambo yameisha, ndipo watu wanasahau kuna kamera.

Na hili ni la siri, Kiarie hajui kama ninalijua. Usisimame mahali pazuri pa kuona. Simama mahali ambapo yule atakayeguswa moyo atageukia.

Kuja, nakuja. Nitaleta kamera kubwa ya studio, ile yenye lenzi ndefu kama chupa ya maziwa ya mursik. Wewe utanishikia begi na kujifunza. Baba Mdogo akiona picha zangu, cherehani yenyewe itarudi Kisii kwa miguu.

Ni mimi yule yule,
Lazarus

*

Siongiroi,
8 Oktoba 1995

Lazarus,

Hatujambo. Tumevuna wimbi, mahindi bado. Mama amekuwekea sweta, anasema mtu anayesifiwa na mji mzima bila shaka hana wa kumfulia. Chepngeno anakusalimu, yuko Soin kwa wakwe kupima nguo.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Nilikuuliza umepiga harusi ngapi. Nimeona mawe ya mvua, nimeona mama aliyeruka ua, nimeona choo cha jirani. Idadi ya harusi sikuiona.

Basi na mimi nikwambie langu. Siku za soko nimekuwa nikipiga wazee wanaoleta mifugo. Mwanzo walikuwa wananisimamia kama wako mbele ya D.O. wa tarafa. Siku moja nikamuuliza mzee mmoja, "Ng'ombe wako uliyempenda kuliko wote alikuwa wa rangi gani?" Aliniambia mpaka namna alivyokuwa akitikisa sikio. Uso wake ulifunguka kama mlango. Sasa wote nawauliza hivyo, na sijakata kichwa cha mtu tangu mwezi wa nane.

Bogonko alinikuta kwenye kazi. Yeye hutembea na kitambaa chake kilichochorwa ndege, watu wanasimama mbele wanaonekana kama wanapanda kwenda Ulaya. Akaniambia, "Msichana, hiyo kamera iangalie vizuri, usiikwaruze. Ni yangu hiyo." Nikamwambia, "Na wewe ile cherehani ipake mafuta, mke wako atashonea sana." Alicheka, lakini hakuondoka haraka.

Sasa sikiza, ndugu yangu. Njoo na kamera yako kubwa, nitafurahi. Lakini anayepimwa ni mimi. Wewe pita pembeni, mimi nikae mbele. Nataka uniahidi kwa maandishi.

Chepchirchir

*

Kericho,
19 Novemba 1995

Dada,

Chamgei, chamgei kwa wote. Sweta nalisubiri. Kiarie amenipa ruhusa na kamera, ila amesema ikirudi na mkwaruzo nisirudi nayo.

Nimeahidi. Hayo hapo, kwa maandishi, kalamu ya bluu. Nitakuwa pembeni kama kivuli. Hutajua kama nipo.

Hiyo ya rangi ya ng'ombe si mbaya. Nitaitumia kwa askari.

Lazarus

*

Siongiroi,
7 Januari 1996

Ndugu Lazarus,

Heri ya mwaka mpya. Baba ana mafua, Mama tangu Chepngeno aondoke anapika chakula kingi halafu anakumbuka. Kogo anauliza kila siku kama Soin ni mbali kuliko Kisumu.

Nilitaka kukuandikia mapema, nikaona ningoje hasira ipoe. Imepoa kidogo.

Kivuli gani wewe? Ulishuka na miwani myeusi na tai nyekundu, ukapiga makofi, ukapanga ukoo mzima kama askari kabla hata hujanywa chai! Wageni wa Soin walipofika asubuhi kumchukua bibi harusi, Senge Drusilla akatoka na kibuyu cha siagi akaanza kuwapaka vichwani kama kawaida yetu. Akakufikia wewe. "Na huyu naye ni mtoto wangu, lete kichwa!" Ukainama, kamera shingoni, Senge akakupaka kwa furaha yake yote mpaka kamera ikapata sehemu yake. Nilikuita, "Lazarus, lenzi!" Ukaniambia mbele ya wageni, "Msaidizi haamrishi fundi." Ukaifuta kwa tai.

Kanisani ukanituma nyuma ya kwaya. Nilikubali, sikutaka kugombana madhabahuni. Nyumbani ulichukua keki, ukachukua zawadi, ukachukua meza ya wazee. Mimi nikapiga yaliyobaki: mlangoni, jikoni, nyuma ya ghala. Jioni ukakusanya filamu zako na zangu zote kwenye mfuko mmoja ukasema utaziosha bure.

Basi ni mwezi sasa. Ziko wapi? Baba haniulizi kwa maneno. Anaangalia mikono yangu kila nikitoka posta, kisha anaangalia kamera. Bogonko amekuja mara mbili, cherehani imefunikwa shuka nyuma ya gari la mwenzake, kama bibi harusi.

Nijibu.
Chepchirchir

*

Kericho,
4 Februari 1996

Dada mpendwa sana,

Salamu nyingi kutoka kwenye mji wa mvua. Baba Mdogo anywe maji ya moto na tangawizi. Kiarie amepata mtoto mwingine, msichana, Wamuyu, analia kwa sauti ya redio. Mimi nina homa kidogo, ndiyo maana mkono umechelewa kuandika. Pia lab ya Nakuru, wanaotuoshea filamu, walikuwa na foleni. Pia kulikuwa na sikukuu.

Sasa furahini! Picha ni hizo, dereva wa lori la maziwa atawakabidhi mkononi. Uliwahi kuona kitu kama hicho? Kiarie mwenyewe aliziangalia akanyamaza, na Kiarie hanyamazi. Nyuma utaona muhuri wangu mpya, niliuchongesha hapa mjini, una jina langu na mchoro wa kamera. Mpiga picha mkubwa lazima awe na muhuri. Baba Mdogo amwonyeshe mkwe bila kuona haya.

Kuna zingine ambazo hazikutoka vizuri, nimeziacha huku. Ni mambo ya ukungu. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, si unakumbuka. Usivunjike moyo, hata mimi nilianza hivyo. Kushona pia ni kazi ya mikono, na wewe una mikono mizuri.

Nina haraka, wateja wamejaa.

Lazarus

*

Siongiroi,
25 Februari 1996

Lazarus,

Hatujambo. Kogo pia.

Picha zimefika. Baba alinawa mikono kabla ya kuzishika. Amezipeleka kwa mkwe Soin, kwa pasta, kwa chifu, na dukani ambako hatununui kitu. Ile ya Chepngeno na Mama wamegusanisha mapaji ya uso mlangoni, Mama analala nayo. Ile ya Kogo anakagua viatu vya bwana harusi, watu wanacheka hata kabla ya kuipokea.

Halafu kuna ile ya Baba mwenyewe, nyuma ya ghala, amegeukia ukuta, anajifuta macho kwa ncha ya koti. Aliisogeza karibu na taa. Akasema, "Nilidhani niko peke yangu. Huyu Lazarus ana jicho. Huyu Mungu amempa kitu." Akaigeuza, akasoma muhuri, akaiweka ndani ya Biblia. Kisha akaniambia kwa upole kabisa, kama mtu anayezungumza na mgonjwa, kwamba si kila mtu amepewa, na Bogonko atakuja baada ya Pasaka.

Nina maswali machache ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Baba alipokuwa nyuma ya ghala, wewe ulikuwa umesimama wapi? Nakumbuka ulikuwa unamwonyesha bwana harusi namna ya kushika kisu cha keki, na kulikuwa na nyumba katikati yenu. Kogo alipokagua viatu, ulikuwa wapi? Na huo ukungu, ulianguka Siongiroi gani? Disemba! Hapa ambapo mbuzi wanatafuta kivuli saa tatu asubuhi!

Sitamwambia Baba kitu. Nikisema, ataona ni wivu, na ataniangalia tena kwa ule upole. Siwezi kuuvumilia mara ya pili. Picha zina jina nyuma, na jina si langu.

Kaplong wananitarajia tarehe kumi na tano Aprili. Nimenunua mkasi.

Chepchirchir

*

Kericho,
17 Machi 1996

Dada Chepchirchir,

Chamgei. Wasalimie wote. Kogo, Mama, Senge, na dume la ng'ombe mweusi. Kwetu huku chai inachumwa, mtoto wa Kiarie bado analia, mimi ni mzima. Ile homa niliyokuandikia haikuwepo.

Karatasi hii ni ya tano au ya sita. Kiarie anasema kama naandika kwa msichana, nimwoe tu nimalize. Nimemwambia ni kwa dada yangu, akasema, "Basi una makosa." Huyu mtu anajua mambo.

Nianze na rahisi. Uliuliza nimepiga harusi ngapi. Kabla ya ile ya Chepngeno, hakuna. Kiarie huniachia picha za kitambulisho na watoto wachanga. Harusini nashika mwavuli na lile begi. Yale yote niliyokuandikia ni kweli, lakini niliyasikia kutoka kwake nikiwa chini ya mwavuli, isipokuwa lile la kusimama anapogeukia mtu. Lile nililitoa kichwani mwangu siku hiyo kwa sababu lilikuwa na sauti nzuri. Wewe ndiye uliyelifanyia kazi.

La pili. Lenzi haifutwi kwa tai. Liandike hilo ukutani kwenye studio yako. Siagi ya Senge haikutoka, nilikuwa nimeisambaza tu. Nilipoangalia ndani ya kamera niliona dunia imekuwa laini, nikajiambia ni ukungu, halafu nikajiambia ni moshi wa jikoni, halafu nikajiambia ni machozi yangu mwenyewe kwa kuwa dada anaolewa. Kwamba uliniita "Lenzi!" nilisikia. Watu wa Soin walikuwa wananiangalia. Sasa zangu zote ziko hapa kwenye sanduku la viatu. Pasta ni malaika ambaye hawajamaliza kumuumba. Keki ni kilima. Bwana harusi ana shingo mbili, na wazee pale mezani wameyeyuka pamoja, huwezi kujua mkono upi ni wa nani. Hakuna hata moja ya kumwonyesha adui.

Nimemwambia Kiarie siku ya Ijumaa. Hakunipiga. Aliziangalia zangu, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaomba zako, maana ile ya kwamba alishaziona ilikuwa uongo pia. Nikamwambia ziko Siongiroi, zina jina langu. Akaacha kucheka. Amenipa siku za kuja huko, na hakuniuliza nitarudi lini, jambo ambalo sikulipenda.

Jumamosi ijayo nafika. Sanduku la viatu nalileta. Nitamwambia Baba Mdogo mwenyewe, nikiwa nimesimama, na Bogonko akiwa hapo na asikie pia. Nitaanza na ile iliyo ndani ya Biblia. Najua ataniuliza mimi nilikuwa wapi, na nitamwambia nilikuwa kwenye keki. Kamera isitoke nyumbani kabla sijafika. Hata ikibidi, iweke chini ya mto ulalie. Huo mkasi mpe Mama.

Siagi inaweza kumpata mtu yeyote, Dada. Ningekuwa nimeharibu picha tu, leo ningekuwa naandika utani, na wewe ungekuwa unanicheka, na ingekuwa sawa.

Lakini pakiti zilipofika kutoka Nakuru, Kiarie alikuwa ametoka. Nilifungua zangu kwanza. Nikazifunga. Nikafungua zako, moja baada ya nyingine, mpaka nikafika kwa Baba Mdogo amegeukia ukuta, nikaipeleka dirishani kwenye mwanga. Nilijua ni zako. Hakuna hata moja niliyokuwa na shaka nayo. Kisha nikavuta droo, nikatoa muhuri, nikazigeuza mgongo, nikaanza kugonga, na nikagonga zote.

Lazarus